Simama Pale, Usiguse Kitu

Mhadhara kwa wakazi wa Muyeye, Malindi

Niliombwa nije niwaeleze jinsi mtu anavyosomea udaktari. Habari hiyo ni ndefu, na nusu yake ni kukariri majina ya mifupa, kwa hiyo nimeiacha. Nitawasimulia wiki sita ambazo sikufanya kazi yoyote. Nilisimama tu, nikatazama watu wakipasuliwa.

Kwetu sisi wanafunzi jambo hilo huitwa atachimenti. Unapelekwa hospitali, wiki hii wodi ya watoto, wiki ijayo chumba cha kujifungulia, kisha siku moja unaambiwa, kesho thieta. Niliondoka hapa Muyeye jua halijachomoza, nikapanda tuktuk, moyo unanidunda kama mimi ndiye ninayekwenda kulazwa mezani. Hospitali yenyewe sitaitaja. Nitakayoyasema yana watu ndani yake, na watu hao wana majirani.

Sista mkuu wa thieta hakuniuliza jina. Aliniuliza, "Umekunywa chai?" Nikasema sikupata nafasi. Akanirudisha nje ya lango, kwenye kibanda cha mama mmoja, nikale mahamri na mbaazi. "Wanaoanguka ni wenye njaa," akasema, "na mimi leo sina mikono ya kuokota wanafunzi." Nilidhani ananitania. Wiki ya pili nilimwona mwenzangu, kijana wa miraba minne anayecheza mpira, akiteremka ukutani polepole kama shuka inayoteleza kwenye kamba.

Niliporudi nilipewa nguo za thieta, kofia, barakoa, na gambuti nyeupe zilizoizidi miguu yangu. Kisha sista akaninyooshea kidole kona moja ya chumba. "Simama pale, usiguse kitu." Kila kilichofunikwa kwa kitambaa cha kijani ni safi kuliko wewe. Mikono mbele ya kifua. Usipite kati ya meza ya vyombo na meza ya mgonjwa. Usikipe mgongo kitu cha kijani. Ukiona kizunguzungu, rudi nyuma ukae sakafuni, usingoje kuanguka, maana ukianguka mbele unamwangukia mtu ambaye tumbo lake li wazi.

Hilo neno thieta tumelizoea hata hatujiulizi limetoka wapi. Ni neno la maigizo. Ulaya ya zamani chumba cha upasuaji kilijengwa kama ukumbi wa michezo: meza katikati, na kuizunguka ngazi za mbao zinazopanda, wanafunzi wamebanana juu yake kama mashabiki uwanjani. Kimoja kingalipo London, kwenye dari ya kanisa lililokuwa la hospitali ya St Thomas. Kilianza kutumika mwaka 1822 na leo ni makumbusho. Waliopasuliwa pale ni wanawake maskini. Chini ya meza palikuwa na sanduku la vumbi la mbao, na daktari alilisukuma kwa mguu kulifuata tone la damu. Nusu kaputi haikuwapo. Nusu kaputi ya etha ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston mwaka 1846, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini mama aliyelala pale alikuwa macho, ameshikiliwa, na bingwa alikuwa yule mwenye mkono mwepesi kuliko wenzake. Ngazi zile hazimo katika hospitali zetu. Tabia ya ngazini, naona, ingalipo kidogo.

Upasuaji wa kwanza niliouona ulikuwa wa kumtoa mtoto. Nilitarajia damu, na damu ilikuwapo, lakini kilichonishangaza ni ufundi. Nilidhani tumbo hukatwa kama tikiti maji, mara moja hadi ndani. Kumbe ni tabaka juu ya tabaka: ngozi, mafuta ya manjano, utando mgumu mweupe, kisha misuli. Na misuli haikukatwa. Daktari na msaidizi wake waliingiza vidole, kila mmoja akavuta upande wake, kwa nguvu, kama watu wanaofungua mlango wa bati ulioshika kutu. Kisha mfuko wa uzazi, maji yakamwagika, na kichwa cha mtoto kikatokea kikiwa kimekunja uso kwa hasira.

Mama alikuwa macho. Alikuwa amechomwa sindano ya uti wa mgongo, inayoua maumivu ya nusu ya chini ya mwili na kumwachia mtu akili zake zote. Baina ya kifua na tumbo lake lilining'inia pazia la kijani. Upande mmoja wa pazia palikuwa na mtu, anauliza kama ni wa kike au wa kiume. Upande wa pili palikuwa na kazi. Mimi nilisimama upande wa kazi. Sikumwona uso hadi alipokuwa anatolewa, na hapo nikatambua kwamba nimeuona mfuko wake wa uzazi kabla sijajua ana macho ya namna gani. Nilirudi nyumbani na jambo hilo, likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nimesema sikufanya kazi yoyote, nimewadanganya kidogo. Wiki ya pili nilikabidhiwa kalamu ya ubao. Kabla kisu hakijagusa ngozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu huhesabiwa kwa sauti na watu wawili, idadi ikaandikwa ubaoni. Kabla tumbo halijafungwa huhesabiwa tena. Idadi zisipolingana, hakuna kushona.

Siku moja vilitoka ishirini, vikarudi kumi na tisa. Wakavihesabu upya. Kumi na tisa. Wakapekua ndoo, wakainua vitambaa vya kijani ncha kwa ncha, daktari akarudisha mkono tumboni akapapasa. Mimi nilijua kilipo. Nilikiona kikidondoka, kikakanyagwa, kikaganda chini ya gambuti ya msaidizi. Nilikiona na nikanyamaza, kwa sababu niliambiwa nisimame pale nisiguse kitu, na katika kichwa cha mwanafunzi wa mwaka wa pili kutogusa na kutosema ni jambo moja. Sijui zilipita dakika mbili au tatu kabla sijapata sauti. "Samahani, daktari. Kiko chini ya kiatu." Msaidizi akainua mguu. Kilikuwapo. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, macho yake hayakutoka kwenye kidonda: "Na ulikuwa unangoja nini?"

Sikuwa na jibu. Miaka imepita, na kila nikisimama mahali ambapo wakubwa wanafanya kazi, swali lile linarudi.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti kwa awamu tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ni karatasi moja tu. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane. Humo mlikuwa na London, Toronto, Manila na New Delhi, na pia Ifakara, hapo Tanzania, katika hospitali ya St Francis. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, waliofariki walishuka kutoka 15 hadi 8. Waliopata madhara makubwa walishuka kutoka 11 katika kila 100 hadi 7. Hapakuletwa mashine mpya wala dawa mpya. Watu waliambiwa waseme kwa sauti yale ambayo kila mmoja alidhani mwenzake anayajua.

Orodha hiyo huanza na swali ambalo mtu angeliona la upuuzi: huyu ni nani, na amekuja kufanyiwa nini? Mwaka 2018 nchi nzima ilijua kwamba si la upuuzi, pale habari zilipotoka Nairobi kwamba mtu asiyehitaji kisu amefunguliwa fuvu la kichwa baada ya kuchanganywa na mgonjwa mwingine. Lakini kipengele ninachokipenda mimi ni kile kinachotaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Wapo madaktari wanaokicheka. Wanasema tunafanya kazi pamoja miaka kumi, nijitambulishe kwa nani? Hawamfikirii aliye ukutani. Mtu aliyekwisha kutaja jina lake amekwisha kufungua kinywa, na kinywa kikifunguka mara ya kwanza, mara ya pili ni rahisi. Asubuhi ile ya kitambaa, hakuna aliyeniuliza naitwa nani.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 1879 kijana Mwingereza aitwaye Robert Felkin alikuwa Uganda pamoja na wamishonari. Alikuwa amesomea udaktari Edinburgh lakini hajahitimu. Kwa lugha yetu, alikuwa mwanafunzi kwenye atachimenti. Mahali palipoitwa Kahura, katika nchi ya Bunyoro, alisimama ndani ya nyumba akatazama mganga akimpasua mama ili kumtoa mtoto.

Mama alikuwa na umri wa kama miaka ishirini, mimba yake ya kwanza. Amelazwa kwenye kitanda kilichoinamishwa, amenyweshwa pombe ya ndizi hadi nusu ya akili imemtoka (msicheke, nyinyi watu wa mnazi), amefungwa kwa mikanda ya nguo ya magome ya mti. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ileile, halafu kwa maji. Akapasua kutoka juu ya kinena hadi karibu na kitovu. Msaidizi akagusa palipovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatoka, kondo likatoka, mganga akaukanda mfuko wa uzazi hadi ukajikaza. Kidonda kikafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, ikazungushiwa uzi wa magome. Juu yake rojo la mizizi iliyotafunwa, jani la mgomba lililopashwa moto, na kitambaa. Siku ya tatu msumari wa kwanza ukatolewa, siku ya tano mitatu, siku ya sita iliyobaki yote. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona.

Wakati huohuo Ulaya, zaidi ya nusu ya akina mama waliopasuliwa hivyo walikuwa wakifa. Joseph Lister alikuwa ameandika mwaka 1867 kuhusu kuua vijidudu vya vidondani kwa dawa, na miaka kumi na miwili baadaye madaktari wengi walikuwa bado wanambishia. Na huku Bunyoro mganga ananawa kwa pombe kabla ya kushika kisu, na ni wazi kabisa kwamba hiyo si mara yake ya kwanza.

Kama mtazamaji, Felkin ninamvulia kofia. Alihesabu misumari. Alirudi kutazama kidonda. Alipima joto la mama na mapigo ya moyo wake. Alichora picha ya mama alivyolala, akachora na kisu. Mwaka 1884 jarida la madaktari la Edinburgh likachapisha, na bila jicho lake leo tungeambiwa kwamba upasuaji uliletwa kwetu kwa meli. Lakini katika maandishi yake yote hayo, jina la mganga halimo. Jina la mama halimo. Kisu kina picha yake na mwenye kisu hana jina. Felkin naye, nadhani, alikuwa amesimama upande wa kazi.

Nifike kwa mzee mmoja wa hapa kwetu, niliyekutana naye thieta. Ameniruhusu niisimulie habari hii bila jina, na nimegeuza jambo moja au mawili ili msijipe taabu ya kumtafuta kwa macho humu ukumbini.

Mzee alikuwa na busha. Kwa nyinyi vijana: busha na matende ni ndugu, wote watoto wa mnyoo mmoja mwembamba kama uzi, ambao huingia mwilini kwa kuumwa na mbu, si mara moja, ni kuumwa na kuumwa miezi na miaka. Mnyoo huo hukaa katika njia za maji ya mwili na huweza kuishi humo miaka sita hata minane. Si uchawi, si kuruka mkojo wa mtu, si adhabu ya uzinzi, na dafu halihusiki. Kampeni ya kugawa dawa kwa watu wote ilianzia Kilifi mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikafika huku kwetu Malindi, na Kwale. Wengine hapa mnakumbuka vidonge vile, na wengine mnakumbuka mlivyovitupa. Dawa zile huua vijinyoo vichanga vilivyomo damuni ili mbu asipate cha kupeleka kwa jirani. Maji yaliyokwisha kujaa haziyakaushi. Dawa ya maji hayo ni kisu, na ni upasuaji ambao mara nyingi hauchukui hata saa nzima. Na bado wanaume hukaa na busha miaka kumi, miaka ishirini. Wanaacha kwenda baharini, wanaacha kwenda harusini, wanavaa kanzu za kuazima kwa watu wanene. Sijaona ugonjwa mwingine wenye tiba fupi hivyo na aibu ndefu hivyo.

Alipoingizwa thieta nilikuwa kwenye kona yangu, kofia hadi kwenye nyusi, barakoa hadi chini ya macho. Alikaa kitandani ameinamisha mgongo kungoja sindano, uso umeelekea kwangu. Akanitazama. Akanitazama tena.

"Wewe si mtoto wa hapo Muyeye, nyuma ya kisima?"

Nilitamani ukuta unimeze. "Ndiye, baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Chumba kizima kikanyamaza. Mzee huyu aliniona mimi nikikimbia uchi kwenye mvua. Leo zamu imegeuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiomba. Nikamwambia sista kwamba natoka. Sista, Mungu ambariki, hakunijibu mimi. Alimgeukia mzee. "Baba, huyu ni mwanafunzi. Akae au atoke?" Ndivyo inavyotakiwa: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, na akubali mwenyewe. Lakini mara ngapi umesikia mtu aliyelala thieta akiulizwa habari ya barakoa iliyo ukutani?

Mzee alifikiri. Sindano ilikuwa tayari, daktari wa usingizi anangoja.

"Akae," akasema. "Lakini atazame vizuri."

Nikatazama vizuri. Sijawahi kutazama kitu vile maishani mwangu. Pazia likapandishwa, upande wa kichwani mzee akaanza kuzungumza na mtu wa dawa ya usingizi juu ya bei ya nazi. Ngozi ikapasuliwa, ukatokea mfuko uliovimba, laini, unaopitisha mwanga wa taa kama puto. Daktari akautoboa, maji yakavutwa na mashine hadi kwenye chupa yenye mistari. Harufu ya kuunguza mishipa midogo ikapanda, ile harufu inayofanana na nywele zilizoungua, ambayo hakuna anayekuonya juu yake. Mfuko ukapunguzwa, uliobaki ukapinduliwa ndani nje kama unavyopindua mfuko wa suruali kabla ya kufua, ukashonwa hivyohivyo ili maji yasipate pa kujikusanya tena. Nikahesabu vitambaa. Nikasoma chupa. Vitambaa vilirudi vyote, na safari hii nilisema kwa sauti kabla sijaulizwa.

Baada ya wiki tatu hivi mzee alinituma mjukuu wake. Nilikwenda na hofu. Nilidhani ananiita kuniapisha nisiseme. Nilimkuta barazani, amekaa kitako kwenye mkeka, miguu ameikunja, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya. Chai ya mkandaa ikaletwa, bilauri mbili. Nikaanza mimi: "Baba, yale ya hospitali, kwangu ni siri mpaka kaburini."

Akacheka hadi akajishika kidonda. "Siri gani? Lilikuwa linafika mlangoni kabla yangu." Kisha akanyamaza kidogo. "Sikukuita kwa hilo. Daktari aliniambia, 'Mzee, kila kitu kimekwenda salama.' Sista akaniambia, 'Mzee, kila kitu kimekwenda salama.' Mke wangu ameulizwa na watu, naye anawaambia kila kitu kimekwenda salama. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikwambia utazame. Ulitazama?"

Nikamweleza. Nilianza kwa woga, nikatumia maneno ya kitabu, akanikatiza: "Sema Kiswahili." Nikamweleza ngozi, mfuko, nyuzi, jinsi ulivyopinduliwa. Nikatoa leso yangu nikaikunja nikamwonyesha. Akauliza kwa nini haukutolewa wote, nikamjibu nilichokijua. Akauliza nani alishona, mkubwa au yule kijana. Nikamwambia mkubwa alianza, kijana akamaliza. Akatikisa kichwa, kama mtu anayekagua kazi ya fundi wa mashua. Miaka kumi na minane alikuwa amekaa na kitu kile, na mimi ndiye mtu wa kwanza kumwambia kilikuwa na sura gani.

"Na maji?" akauliza. "Yalikuwa kiasi gani?"

"Lita moja na robo, baba. Nilisoma kwenye chupa."

"Lita moja na robo!" Akaita ndani kwa sauti: "Unasikia? Lita moja na robo!" Ndani hakuna aliyejibu, ila nilisikia mtu akizuia kicheko. "Rangi yake?"

Nikatafuta mfano. Macho yangu yakaangukia mbele yetu. "Kama hii chai ya mkandaa, baba, ila iliyopauka kidogo. Safi, unaona mpaka chini."

Mzee akaitazama bilauri yake. Akaitazama kwa muda. Kisha akaisukuma taratibu mkekani, mpaka ikafika mbele yangu.

"Inywe wewe," akasema.